Wanyama wakubwa kwenye msitu uliochakaa: namna ya kupima wanatumia wapi, lini na kwa kazi gani

Ukitoka Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa barabara ya Miti na kupanda hadi Tshivanga, unapita karibu kila daraja la msitu ulioguswa na mkono wa mtu: mihogo, mistari ya mikaratusi, chai, kichaka cha kangaga mahali palipochomwa makala, halafu ukuta wa kijani wa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, ambayo kila mtu hapa anaiita parke. Macho yanadanganya kwamba wanyama wako nyuma ya ukuta huo na huku mbele hakuna kitu. Mambo hayako hivyo. Nguruwe-mwitu analala msituni na kula shambani. Pongo anapenda ukingo kuliko kilindi. Gorila hushiba vizuri pale miti mikubwa ilipoanguka na majani mabichi yakapata jua. Sokwe anaweza kulala juu ya mti mkongwe uliobaki peke yake bondeni, asubuhi akashuka kwenye migomba ya watu.

Kwa hiyo swali la "wapo au hawapo?" halitoshi. Unatakiwa kujua kipande gani cha mandhari kinatumiwa, saa ngapi, msimu gani, na kwa kazi gani: kula, kulala, kupita au kujificha. Na kabla ya kujibu lolote kati ya hayo, ujue kama mnyama hakuwepo au wewe ndiye uliyemkosa. Makosa mengi ya kazi hii yanatokana na kuchanganya mambo hayo mawili ya mwisho, na ndiyo maana mwongozo huu unakaa juu yake kwa muda mrefu.

Chagua wanyama kabla ya kuchagua kamera

Usiandike "wanyama wakubwa wote". Chagua wanne hadi sita wanaotofautiana kwa mwili na tabia, ili matokeo yawe na kitu cha kulinganisha. Kwa Kahuzi-Biega, orodha yenye akili ni hii: nsya (swala wadogo wa msituni) wa aina tatu, yaani chesi (Philantomba monticola), kilo 4 hadi 6, nsya wa paji jeusi (Cephalophus nigrifrons), kilo 14 hadi 18, nsya wa mgongo wa manjano (Cephalophus silvicultor), kilo 45 hadi 80, pongo, nguruwe-mwitu, na kati ya gorila wa Grauer na sokwe, mmoja au wote wawili.

Kwa nini hao? Kwa sababu hawavumilii uharibifu kwa kiwango kimoja. Chesi hustahimili msitu wa pili (uliomea tena baada ya kukatwa) na uwindaji kwa sababu ni mdogo na anaishi kwenye eneo dogo. Nsya wa mgongo wa manjano anahitaji uoto mzito wa chini wa kujificha, na kwa kuwa nyama yake ni nyingi, mwindaji humtafuta kwanza. Nsya wa paji jeusi yuko nyumbani kwenye kinamasi na mianzi. Ukiwaweka wote kwenye kapu moja la "nsya", mmoja anapanda na mwingine anashuka, nawe unapata wastani usiomhusu mnyama yeyote.

Kima wanaoishi juu ya miti usiwaingize. Kamera za kazi hii, zinazojipiga zenyewe mnyama akipita mbele, hufungwa usawa wa goti, na haziwahusu.

Gawa mandhari, na usiiamini setilaiti peke yake

Pakua picha za Sentinel-2, ambazo kila nukta yake ni mita 10, au za Landsat, ambazo nukta ni mita 30. Zote ni bure, na QGIS, programu ya ramani ya kuzifungulia, ni bure pia. Chukua picha za Juni hadi Agosti, maana kuanzia Septemba mawingu yanafunika milima hii na huenda usipate picha safi hata moja hadi Mei.

Halafu ujue setilaiti inakosea wapi. Ramani zinazotumiwa sana za upotevu wa misitu huhesabu mti wowote unaozidi mita 5, kwa hiyo shamba la mikaratusi linasomeka kama msitu. Shamba lililolala miaka sita linasomeka kama msitu. Ukataji wa mti mmoja mmoja kwa ajili ya mbao hauonekani kwenye nukta ya mita 30. Na mitego ya waya haionekani kabisa: msitu unaweza kuwa kijani kibichi kutoka angani na usiwe na mnyama wa kilo 10 ndani yake. Kwa sababu hiyo, kila tabaka, yaani kila aina ya mandhari uliyoichora kwenye kompyuta, likaguliwe kwa miguu, angalau mahali 30 kwa tabaka.

Tabaka nne zinatosha kwa timu ndogo. Ya kwanza ni msitu mkongwe, wenye kivuli kinachozidi asilimia 70 na miti minene ya sentimeta 60 na zaidi. Ya pili ni msitu wa pili, ule uliojaa Macaranga na Neoboutonia, miti myepesi inayokimbilia mwanga. Ya tatu ni kichaka kilichofungamana: kangaga, miiba, na yule mtambaa Sericostachys scandens ambaye katika nyanda za juu za parke amepanda juu ya miti na kuizima kwa kivuli chake. Ya nne ni ukingo wenye watu: mashamba, mashamba yaliyolala, chai na miti ya kupandwa. Mianzi na vinamasi vina wanyama wake na vinastahili tabaka zao. Viongeze ukiwa na kamera za kutosha. Ukiwa nazo chache, usivichanganye na kichaka, viache nje na uandike kwamba umeviacha.

Karatasi na watu

Ndani ya parke, ruhusa ya utafiti hutoka ICCN, taasisi ya serikali ya Kongo inayosimamia hifadhi. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 ndiyo inayosimamia uhifadhi wa mazingira nchini, na chini yake kuingia bila karatasi ni kosa hata kama hukugusa jani. Nje ya parke, anza kwa mwami (mtawala wa jadi) au mwakilishi wake, kisha chefu wa kijiji, kisha wenye mashamba. Eleza kamera ni nini, onyesha picha yake, sema itatoka tarehe ngapi. Kijiji kisichoelezwa hufikiri umekuja kutafuta madini au kuwapiga picha wakata makala, na kamera zako hazitalala usiku wa pili.

Batwa, watu wa asili wa msitu huu, waliondolewa ndani ya parke katika miaka ya 1970, baada ya kuanzishwa mwaka 1970, na mgogoro wa ardhi uliotokana na jambo hilo haujaisha. Ukiajiri Mtwa kufuata nyayo, mlipe kama mtaalamu, kwa kiwango kile kile cha mtaalamu mwingine, na makubaliano yawekwe wazi kabla ya siku ya kwanza.

Hali ya usalama iulizwe asubuhi ya safari, si wiki moja kabla. Kama jibu lina shaka, kituo kile kinaahirishwa.

Ratiba ya kamera: hesabu isiyokuumiza baadaye

Chukua mfano wa timu yenye kamera 20. Vituo 40, yaani 10 kwa kila tabaka. Kila kituo siku 35. Mzunguko wa kwanza vituo 20, wa pili 20; jumla siku 70, ukiongeza juu yake siku za kuhamisha, na vyote vinaingia ndani ya Juni hadi Agosti.

Hapa wengi huteleza. Kwa kuwa msitu mkongwe uko mbali, huweka kamera zote msituni mzunguko wa kwanza, halafu zote ukingoni mzunguko wa pili. Matokeo yake, tofauti kati ya msitu na ukingo imechanganyika na tofauti kati ya Juni na Agosti, na hakuna hesabu ya baadaye inayoweza kuzitenganisha. Kila mzunguko uwe na vituo vitano vya kila tabaka, hata kama miguu italalamika.

Umbali kati ya vituo uwe angalau kilomita 1, au 1.5 kama mandhari inaruhusu. Chora gridi, chagua viini vya miraba kwa bahati nasibu ndani ya kila tabaka, na ukifika na GPS, tafuta mahali pa kufunga ndani ya mita 50. Kituo kikiangukia kwenye jabali, tumia cha akiba ulichokwisha kukichagua ofisini. Usichague cha akiba papo hapo ukiwa umechoka, kwa maana mwili uliochoka huchagua kando ya njia siku zote.

Njia ya wanyama au la? Ukifunga kwenye njia zao utapata picha nyingi. Ukifunga ovyo utapata chache lakini zisizo na upendeleo. Vyovyote utakavyoamua, fanya hivyo hivyo kwenye tabaka zote. Kosa liko katika kufunga kwenye njia msituni, ambako njia zinaonekana, na kufunga ovyo kichakani, ambako hazionekani. Chambo usitumie kabisa, kwa sababu ukishamvuta mnyama hupimi tena makazi, unapima harufu.

Rudia zoezi lote Oktoba hadi Desemba, vituo vile vile. Machipukizi ya mianzi huja na mvua, na gorila wa nyanda za juu huyafuata. Atakayepima Julai peke yake ataandika kwamba mianzi haina faida.

Kufunga kamera

Kwa kila kituo beba betri 8 (au 12, kutegemea aina ya kamera), kadi mbili za GB 32, mkanda, kebo ya chuma yenye kufuli, pakiti ndogo ya chembechembe za kunyonya unyevu, panga fupi, futi ya mita 5, ubao mdogo wa kuandikia na chaki. Kwa kamera 20 za betri 8, mizunguko miwili inakula betri 320. Chukua za lithiamu kama fedha inaruhusu. Za alkali hushuka nguvu kwenye baridi ya mita 2,000 na zaidi, na taa ya usiku ndiyo inayokufa kwanza: mchana kamera inaonekana nzima, usiku inatoa picha nyeusi, nawe unahitimisha kwamba nsya wa mgongo wa manjano hayupo wakati yeye ndiye mtu wa usiku.

Kihisi cha kamera hakioni mwili. Kinahisi tofauti ya joto inayosogea mbele ya mandhari ya nyuma. Kwenye ubaridi wa Tshivanga, mnyama ni kama kaa la moto na hunaswa kutoka mbali. Kwenye shamba tupu saa sita za mchana, udongo umepata joto karibu sawa na ngozi yake, na kamera hiyo hiyo inamkosa akiwa mita nne. Ndiyo maana huwezi kulinganisha idadi tupu ya picha za nyanda za juu na za msitu wa chini upande wa Shabunda, wala za kivulini na za juani.

Sasa funga. Mti wa unene wa paja, usioyumba. Kioo sentimeta 40 kutoka ardhini, ukipima kutoka mahali mnyama atakapopita na si kwenye mguu wa mti, maana mteremko hubadilisha kila kitu. Kamera iliyo sentimeta 40 kwenye mti lakini ikitazama bonde hupiga picha juu ya mgongo wa chesi. Weka mita 3 kati ya kioo na njia. Elekeza kaskazini au kusini. Hapa jua linakwenda karibu moja kwa moja mashariki hadi magharibi, na kamera inayotazama mashariki hujaza kadi kwa mapambazuko. Kama kuna njia, itazame kwa pembe ya digrii 45 hivi: mnyama anayekatiza hunaswa upesi kuliko anayekuja usoni, na pembe hiyo inamweka kwenye fremu kwa muda wa picha zote tatu.

Mpangilio: picha tatu kila tukio, bila muda wa kungoja, unyeti wa juu. Kata majani yanayogusa mstari wa kioo, hayo tu. Ukifyeka uwanja wa mita 6 umetengeneza uwazi mpya, majani mabichi yatachipua, na pongo watakuja kula kazi ya panga lako. Kangaga na majani ya mianzi ndiyo adui mkubwa, kwa kuwa upepo mmoja wa alasiri unaweza kupiga picha elfu za majani. Funga shina kwa kamba badala ya kulikata ikiwezekana.

Kisha tambaa. Mtu mmoja apite kwa magoti na mikono kwenye mita 2, 3, 5 na 8, kushoto na kulia, huku taa ya majaribio ikiwashwa. Andika umbali wa mwisho ulionaswa kila upande. Namba hiyo utaihitaji kwenye hesabu, na watu wengi wanaijutia wakiwa wamesharudi mjini.

Mwisho, piga picha ya ubao wenye namba ya kituo, tarehe na saa. Na juu ya saa, tuelewane kabisa. Bukavu iko saa mbili mbele ya saa ya dunia, Kinshasa saa moja. Kamera zilizopangwa Kinshasa zirekebishwe. Na daftarini, asiandike mtu "saa 2". Mmoja anamaanisha asubuhi jua likiwa limechomoza, mwingine anasoma saa ya Kifaransa na kumaanisha usiku wa manane. Andikeni 08:00 au 20:00, basi. Saa sita za kosa zinamgeuza mnyama wa mchana kuwa wa alfajiri, na kosa hilo halionekani tena likishaingia kwenye jedwali.

Karatasi ndogo iliyofungwa kwenye plastiki, yenye maneno ya Kiswahili na Mashi (lugha ya wenyeji), iseme kamera ni ya kuhesabu wanyama na itaondolewa lini. Inapunguza wizi kuliko sanduku la chuma, ingawa ukingoni sanduku nalo ni lazima.

Kupima makazi yenyewe

Kila kituo kina duara la nusukipenyo cha mita 11.28, ambalo ni mita za mraba 400. Ndani yake pima unene wa kila mti wenye sentimeta 10 na zaidi, kwenye urefu wa mita 1.30 kutoka ardhini. Hesabu visiki, vibichi na vikuukuu mbalimbali. Andika miti yenye matunda chini, hasa Myrianthus na mikuyu, kwa kuwa mti mmoja wa matunda hueleza picha ishirini. Usiyoyajua majina, kata tawi lenye jani na ua au tunda, likandamize kwenye gazeti, na ulipeleke kwenye mkusanyiko wa mimea wa CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi asilia cha Lwiro.

Kipimo kinachosahaulika ni kuona. Mtu achuchumae na ubao mweupe wa nusu mita katikati ya duara. Mwingine arudi nyuma hadi ubao upotee. Fanya pande nne, chukua wastani. Kwenye msitu mkongwe unaweza kupata mita 15, kwenye kichaka mita 3. Namba hii inafanya kazi mbili kwa pamoja: inaonyesha mnyama anaweza kujificha kiasi gani, na inaonyesha kamera inaweza kumkosa kiasi gani.

Dalili za watu zipimwe kwa juhudi inayolingana: watu wawili, dakika 30, ndani ya mita 100 za kituo. Mitego ya waya, tanuri za makala, mashimo ya wachimbaji, njia, maganda ya risasi. Ukitafuta dakika 10 kwenye kichaka kigumu na saa nzima kwenye msitu laini, utapata mitego mingi msituni na uamini kwamba msitu ndio unaowindwa zaidi. Kuondoa mitego ni kazi ya walinzi wa parke. Wewe andika, piga picha, waambie. Baadaye kwenye QGIS ongeza umbali hadi barabara, kijiji, machimbo, mto, na asilimia ya kila tabaka ndani ya kilomita 1, kwani nsya huamua kwa mita mia, tembo kwa makumi ya kilomita.

Kwa miguu na kwa mdomo

Kamera hazioni vitanda vya usiku. Gorila na sokwe kila mmoja aliyeacha ziwa la mama hujenga kitanda kipya kila jioni, na kitanda ndicho ushahidi bora wa mahali mnyama alipokubali kulala. Cha chini chenye kinyesi ndani na nywele ndefu ni cha gorila. Cha juu mtini mara nyingi ni cha sokwe. Bila nywele wala kinyesi, andika "haijulikani" na usione aibu. Tembea mistari iliyonyooka ya kilomita 1, ukipima umbali wa pembe mraba kutoka mstarini hadi kwenye kila kitanda. Karibu na gorila vaa barakoa, kaa mita 10, na mwenye kikohozi abaki kambini. Haja kubwa izikwe sentimeta 30.

Kinyesi cha nsya na cha tembo huoza kwa kasi tofauti kwenye mvua na kwenye kiangazi. Marundo mengi ya Julai yanaweza kuwa wanyama wale wale wachache wa Oktoba, ila tu kinyesi cha Julai kimekaa muda mrefu zaidi.

Ukiwauliza wakulima, usiulize mwezi. Uliza kwa majira ya kilimo: kabla ya kupanda maharage ya Septemba, wakati wa kupalilia ya Februari, wakati wa kulima vinamasi kiangazi. Waonyeshe picha 15, na kati yake uweke swala pala na nyumbu, ambao hawaishi kwenye milima hii. Anayesema amewaona wote wawili, jibu lake lingine lote liweke pembeni bila ugomvi.

Kusoma picha

Rudisha kadi, nakili mara mbili kwenye diski mbili zinazolala nyumba mbili tofauti, ndipo ufungue. Programu ya MegaDetector hutenga picha tupu, za wanyama na za watu, na huokoa majuma ya macho. Jina la mnyama litamkwe na binadamu, wawili kwa kila picha ya nsya. Picha za mnyama yule yule kwenye kituo kimoja ndani ya dakika 30 ni tukio moja.

Picha za watu ni jambo zito. Amueni kabla ya kufunga kamera ya kwanza: sura zifutwe au zifichwe, na hakuna anayepewa. Kamera ya utafiti ikishatumika kumkamata mama mwenye gunia la makala, umeharibu kazi yako na ya atakayekuja miaka kumi baadaye.

Hesabu inayobadilisha hadithi

Gawa siku 30 za mwanzo katika vipindi sita vya siku tano. Kila kituo, kila kipindi: 1 kama mnyama alionekana, 0 kama hakuonekana, nukta kama kamera ilikuwa imekufa. Kamera iliyokufa si sifuri. Rudia sentensi hiyo kwa kila anayejaza jedwali.

Tuseme kwa mfano kwamba nsya ameonekana kwenye vituo 13 kati ya 20 msituni, na 9 kati ya 20 kichakani. Haraka haraka unaandika asilimia 65 dhidi ya 45: kichaka ni kibaya. Lakini ukiangalia vipindi, msituni uwezekano wa kumnasa kwa siku tano, pale alipo, ni 0.25, kichakani ni 0.10. Uwezekano wa kumnasa angalau mara moja katika vipindi sita ni 1 kutoa 0.75 kwa nguvu ya 6, yaani 0.82 msituni; kichakani ni 1 kutoa 0.90 kwa nguvu ya 6, yaani 0.47. Gawanya: 0.65 kwa 0.82 ni kama 0.79, 0.45 kwa 0.47 ni kama 0.96. Hadithi imegeuka. Kichaka kilikuwa na nsya karibu kila mahali, ila macho yako yalikuwa mafupi.

Kwa kazi halisi tumia R, programu ya takwimu, yenye pakiti ya unmarked, na camtrapR kwa kuandaa jedwali. Mgawanyo ule hapo juu ni wa kuonyesha njia tu. Hesabu hiyo ina pande mbili, kunaswa na matumizi: weka kipimo cha kuona na umbali wa kamera (ule uliopimwa kwa kutambaa) kwenye upande wa kunaswa, na weka kivuli, matunda, mitego na umbali wa kijiji kwenye upande wa matumizi. Kwa vituo 40 usiweke zaidi ya vigezo viwili au vitatu kwa mara moja. Na kwa mnyama anayetembea sana, kama tembo au nguruwe-mwitu, matokeo yaite "matumizi", usiyaite "ukaaji", kwa sababu anaweza kutumia vituo vitano kwa juma moja.

Halafu saa. Bukavu iko karibu na ikweta, jua linachomoza karibu 06:00 mwaka mzima, kwa hiyo huna haja ya kurekebisha misimu. Chora mkunjo wa shughuli kwa kila tabaka kwa pakiti ya overlap. Picha tano hazichori mkunjo. Ngoja upate angalau ishirini. Kama chesi, ambaye ni wa mchana, ukingoni anatokea usiku, hiyo ni taarifa nzito kuliko idadi: bado yupo, lakini amehamisha maisha yake ili asikutane na watu na mbwa.

Kusoma matokeo bila kujidanganya

Mnyama kuonekana ukingoni mara nyingi kuna maana tatu, na picha peke yake haichagui. Huenda chakula ni kizuri pale. Huenda msitu wa ndani umejaa mitego na amefukuzwa. Huenda anavutwa na mihogo kuelekea mahali anapouawa, na vifo vyake ni vingi kuliko uzazi. Tafuta dalili za kutenganisha: majike wenye watoto kwenye picha, vitanda vya kulala, saa za shughuli, na hesabu ya mitego. Kipande chenye picha nyingi za madume wazima tu, usiku tu, bila mtoto hata mmoja kwa misimu miwili, ni njia au ni mtego, usikipake rangi ya kijani kwenye ramani.

Kutoonekana nako kuna tabaka zake. Tembo wa nyanda za juu za parke karibu wote waliuawa katika vita vya miaka ya 1990. Ukikuta hawapo kwenye msitu mkongwe mzuri, sababu si makazi, na hesabu ya kivuli na matunda itakupa majibu ya kipuuzi. Kwa mnyama wa namna hiyo, mtoe kwenye hesabu na umweleze kwa maneno.

Ushauri kwa wanaotunza ardhi utoke kwenye vipande vilivyotumiwa kwa kazi zaidi ya moja. Mti mkongwe wa matunda uliobaki peke yake shambani unaweza kustahili ulinzi kuliko hekta nzima ya mikaratusi mipya. Ukanda wa msitu wa pili unaounganisha mabonde mawili, ukitumiwa usiku na majike wenye watoto, usifyekwe kwa kisingizio kwamba "umeshaharibika".

Ramani unayorudisha kijijini iwe ya miraba ya kilomita 2, bila nukta za kamera wala vitanda vya gorila. Na kabla ya kutuma picha yoyote kwenye simu, futa kwanza taarifa za GPS zilizofichwa ndani yake, maana mwindaji naye ana simu.